Fundi wa Tablo na Gari Jekundu la Papa

Kwa miaka mingi nilimjua kwa miguu yake kuliko kwa uso wake. Ukipita barabara yetu ya Kenya, mtaa wa Lubumbashi, asubuhi, ungeona mlango wa teksi au wa basi dogo umeachwa wazi, na juu ya kiti, pale ambapo abiria huegemeza kichwa, nyayo mbili zimesimama. Mwenye nyayo alikuwa chini, kichwa kati ya pedali, mikono imepotelea nyuma ya dashibodi. Sisi wa Lubumbashi dashibodi tunaiita tablo, na yeye tulimwita Fundi wa Tablo, basi. Watu wa mtaa walizoea kuisalimia ile miguu. "Jambo, Fundi!" Kidole gumba kikatikisika kujibu. Siku moja nilimkuta sokoni amesimama wima kama watu wengine, nikampita bila salamu, naye akaenda kumlalamikia mama yangu kwamba nimeanza majivuno tangu nilipopata kazi ya ualimu.

Alizaliwa wapi, wazazi wake walikuwa nani, sikumuuliza, na yeye hakuwa mtu wa kujieleza. Najua kwamba Ijumaa mchana hakupatikana. Najua kwamba kofia yake nyeupe ilikuwa safi kuliko mashati yetu ya Jumapili, ingawa shughuli yake ilikuwa ya vumbi na grisi. Na hakuwahi kuingia ndani ya gari la mtu, hata basi bovu linalonuka samaki, bila kuvua viatu kwanza na kuviweka pamoja kando ya gurudumu.

Injini hakuzigusa. Alisema injini ina wenyewe. Yeye alishughulika na kile kilicho mbele ya macho ya dereva: mita, taa, swichi, nyaya, na ubao unaovishikilia vyote. Kutoa tablo, alikuwa akisema, mtu yeyote anaweza, akiwa na hasira ya kutosha. Kuirudisha ndiyo kazi.

Namna yake ya kufanya kazi sijaiona kwa fundi mwingine. Alitandika mkeka chini kando ya gari, na mkeka ule ukawa gari. Kilichotoka kushoto kililala kushoto, kilichotoka juu kililala juu. Kila skurubu aliilaza mahali pale pale ambapo ingekuwa kama mkeka ungesimama na kuwa tablo. Makopo ya kuwekea skurubu aliyachukia. "Ukitia vis mu kopo, inasahau kwao," alisema. Siku moja, kwa ualimu wangu, nilimkatia vipande vya karatasi, nikaandika namba, nikamwambia afunge kwenye nyaya. Alinishukuru sana. Nilipogeuka nikamwona anavitoa kimoja kimoja na kuvitia mfukoni kwa heshima.

"Fundi, sasa juu ya nini unatosha karatasi yangu?"

"Mwalimu, karatasi inaanguka. Mukono haiangukake."

Nilinuna siku mbili. Kusoma alijua vizuri, Kifaransa na Kiarabu, kwa hiyo sababu haikuwa hiyo. Alikuwa mbishi tu.

Ubishi wake mkubwa ulikuwa huu: hafungi tablo kabla hajaona kila taa inawaka na kila mshale unacheza. Siyo taa nyingi, zote. Tajiri mmoja wa mahindi alikuja kuchukua gari lake, amevaa suti, safari ya Kasumbalesa mpakani inamngoja. Gari lilikuwa tayari isipokuwa taa moja ndogo ya breki ya mkono, ambayo hata huyo tajiri hakuwahi kujua kwamba ipo.

"Funga tu, Vieux, niko na haraka!"

"Sitafunga. Iko taa moja haiwake."

"Gari ni yangu!"

"Gari ni yako, patron. Kufunga njo ni yangu."

Kisha akakaa kwenye kiti cha dereva, akakunja mikono, na hakuna aliyeweza kumtoa. Mtaa mzima tulikusanyika, wengine na sahani za chakula mkononi. Tajiri alipiga simu huku na huku, akatukana, mwishoni akachukua teksi. Jioni taa ikawaka. Wateja kadhaa alipoteza kwa tabia hiyo, na waliobaki walikuwa wakimsema vibaya kwa kujivunia, kama mtu anavyomsema mjomba mkali.

Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo aliyeshindwa kusema uongo kwa taa, kwa saa na siku alidanganya kila kiumbe. "Kesho asubuhi" yake ingeweza kuwa wiki ijayo. "Niko hapa nyuma yako" maana yake bado yuko nyumbani anatafuna karanga. Na alihubiri kutokuwa na haraka, huku mwenyewe akitembea mbio mpaka ukimfuata unapata kichomi. Gari hakuwahi kuliendesha maishani mwake. Nilipomuuliza sababu, alinitazama kama nimemuuliza kwa nini daktari haugui. Mwezi wa Ramadhani alifanya kazi ndogo ndogo tu, hakuteremsha tablo ya mtu, akisema njaa humpa mkono wa nguvu na plastiki ya zamani haitaki mkono wa nguvu. Nyaya alizungumza nazo. Ungepita ukamsikia huko chini anasema, "Na weye, unaenda wapi? Nani alikutumaka huku?" na ungedhani kuna mtoto amejificha ndani ya gari.

Sasa niseme habari ya gari la Papa, baba yangu, kwa sababu bila hilo mimi na Fundi tungebaki kwenye salamu za miguu.

Papa alifanya kazi ya reli mpaka alipopewa pensheni. Ujanani alinunua gari dogo la michezo kutoka kwa Mgiriki mmoja mfanyabiashara wa samaki aliyekuwa akiondoka. Jekundu, milango miwili, paa la turubai, tablo ya mbao iliyopakwa vanishi, na mita za duara sita. Wenzake walijenga nyumba, yeye alinunua hilo. Wanne hatukuweza kuingia pamoja, na nyumbani tulikuwa saba. Mama alikuwa akiliita mke mwenzake. "Hapikake, hafuake, lakini yeye njo anapendwaka," alisema, kisha anachukua kitambaa anakwenda kulifuta vumbi mwenyewe, kwa sababu hakuamini tunajua kulifuta. Fundi alilitunza tangu zamani. Kwa mabasi alikwenda kwa sababu ni kazi. Kwa lile jekundu alikuja hata pasipo kuitwa, akasimama kulitazama, akaondoka.

Liliacha kutembea miaka mingi kabla ya kiharusi cha Papa. Kiharusi kilimwachia mguu mmoja na maneno machache sana: ndiyo, hapana, maji, na jina la Mama. Lakini tuligundua jambo. Tukimkalisha ndani ya gari lake, chini ya kibanda cha bati uani, mikono kwenye usukani, mita mbele ya macho, maneno yalirudi. Sentensi nzima zilirudi. "Mama, funga mulango, vumbi iko naingia." "Ku Kasomeno tutapumuzika." Alimpeleka Mama Pweto, kwao Papa, kila Jumapili baada ya Misa, bila gurudumu kuzunguka, na Mama alikaa kando yake na kitambaa chake kizuri kichwani, akimjibu kuhusu madaraja na mashimo ya barabara. Watu wengine walisema tunamchezea mgonjwa. Hawakumsikia akicheka. Zile saa mbili za Jumapili ndizo tulizokuwa tumebaki nazo za baba yangu, na nilizingoja wiki nzima.

Jumapili moja Papa aligusa swichi na moshi ukatoka nyuma ya tablo. Mama alimvuta nje kwa nguvu ambazo sijui alizitoa wapi. Fundi akaja, akachomoa betri, akalala kichwa chini miguu juu, akakaa humo muda mrefu bila kuzungumza na waya hata mmoja. Alipotoka alisema ngozi ya nyaya zote imekauka, na mbao yenyewe imepasuka kwa jua. Lazima tablo itoke nzima.

"Siku ngapi?" niliuliza.

"Siku kumi."

Nilicheka, naye akakasirika kwa sababu nilicheka.

Aliitoa kwa siku tatu. Usukani kwanza, kisha vifundo vya swichi, kisha mita moja moja alizozifunga kwa vitambaa na kumpa Mama azitunze ndani ya kabati la sahani. Kisha nati zilizojificha nyuma, ambazo huzioni, unazitafuta kwa vidole tu. Mwishoni akaishika ile mbao kwa mikono miwili, akaishusha polepole, akaichukua kwenda kuiziba nyufa na kuipaka vanishi upya. Uani kukabaki mkeka wake umejaa vidude, kila kimoja mahali pake, na amri kwamba hakuna kufagia upande ule.

Jumapili iliyofuata tulimpeleka Papa. Alitazama lile tundu jeusi lenye nyaya zinazoning'inia, akageuza uso. Hakukubali kuingia. Baada ya hapo "ndiyo" ikapotea, kisha jina la Mama likapotea, yakabaki "hapana" na "maji". Chakula akawa anakirudisha. Nilimwambia Fundi waziwazi: tablo isiporudi haraka, tutamzika Papa bila kumsikia tena. Akasema, "Nimesikia, Mwalimu." Tangu siku hiyo akaanza kufika saa aliyosema atafika, jambo lililonitisha zaidi.

Hapo ndipo shangazi alipokuja kutoka Pweto. Ni dada mkubwa wa Papa. Alisikia mdogo wake anazidiwa, akapanda gari la samaki na furushi lake la samaki wakavu. Kwetu dada wa baba akiingia nyumbani mwa kaka yake, nyumba ni yake. Hakuna wa kumpangia, wala mama yangu, wala mimi na vyeti vyangu. Aliamka kabla yetu wote. Samaki wake walikuwa wameshika unyevu njiani, walihitaji jua, na uani palikuwa na mkeka mzuri umelaliwa na vyuma vichafu. Tulipotoka, samaki walikuwa wamepangwa kwenye mkeka, wanapigwa jua, na skurubu zote, nati zote, vifundo vyote, vilikuwa ndani ya beseni moja, vimeoshwa kwa sabuni, vinang'aa.

"Ile bintu yenu ilikuwa buchafu sana," alisema kwa furaha. "Sasa iko safi."

Mama aliketi chini. Mimi nilitaka kupiga kelele, nikakumbuka ni nani niliyesimama mbele yake, nikameza.

Fundi alipofika aliliinamia beseni, akalitazama. Kisha akamwendea shangazi, akaupokea mkono wake kwa mikono yake miwili. "Aksanti sana, mama. Umetusaidia kazi." Akala samaki aliopewa, akakaa chini kwenye udongo kwa sababu mkeka ulikuwa na shughuli nyingine, akasifu chumvi. Baadaye nilimfuata nyuma ya kibanda. Alikuwa ameegemea ukuta, macho amefumba, midomo inachezacheza, nadhani anajaribu kuuona mkeka kichwani. Nilimkumbuka na vipande vyangu vya karatasi mfukoni mwake. Nilikuwa na la kusema, na najisifu mpaka leo kwamba sikulisema.

Kwa siku nne alizipanga upya zile skurubu. Skurubu za gari la zamani hufanana kama mapacha, moja ikizidi nyingine kwa unene wa ukucha. Alijaribu, akatoa, akajaribu. Vidole vikavimba. Siku ya tano padri alikuja kumpaka Papa mafuta ya wagonjwa. Alipoondoka, Mama alitoka uani, akamwambia Fundi bila kulia, "Fundi, Papa hana tena siku mingi. Labda wiki."

 Kesho yake Fundi alikuja na ile mbao, imeng'aa mpaka ungejiona uso. Aliomba mita zake kabatini, akaomba tumwache peke yake, mtu asichungulie. Saa tisa mchana alibisha mlango.

"Mulete," alisema.

Tulimbeba Papa na kiti. Alipoiona tablo, mkono wake mzima ulinyooka wenyewe. Tulimwingiza, Mama akaketi kando yake na kitambaa chake, Papa akazungusha ufunguo. Taa ndogo ya kijani ikawaka katikati ya mita. Akapapasa mbao yote, kutoka kushoto hadi kulia, akabonyeza swichi moja, na ya pili, na ya tatu, akiitazama kila mita kwa zamu. Kisha akageuza kichwa, akamtazama Fundi, ambaye alikuwa amesimama mlangoni mwa gari, kofia mkononi, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Imerudi," Papa alisema. Na baadaye, akitazama mita ya petroli na ile ya joto la injini, "Essence iko full. Moto ya moteur iko sawa. Fundi, weye uko fundi kweli."

Akaendelea. Alisoma mita zote sita kwa sauti, moja baada ya nyingine. Akamwambia Mama afunge mlango. Walikwenda Pweto jioni ile, shangazi akiwa amesimama kando analia na kuwaelekeza njia. Nilimpata baba yangu kwa saa moja na nusu. Fundi alibaki pale pale mpaka mwisho.

Papa alifariki siku nane baadaye. Matangani Fundi alikaa nasi siku tatu, akabeba viti, akachota maji kama kijana. Kisha akapotea. Alihamia upande wa Luano kwa binti yake, tukaambiwa, lakini hata alipokuja Kenya kwa kazi alipita barabara nyingine. Miguu yake tuliacha kuiona. Nilimkasirikia. Nilisema moyoni, kumbe alilipenda gari, sisi hatuhesabiki. Nilimkasirikia miaka miwili, na mimi nikikasirika nakasirika vizuri.

Mwaka huu, Jumamosi moja ya kiangazi, alisimama kwenye geti letu. Alikuwa amekonda, anatembea polepole, kisanduku chake cha vifaa kimemvuta bega moja chini. Mama alikuwa uani anachambua mboga za lengalenga. Alimkaribisha kiti, Fundi akakataa.

"Mama," alisema, "nilikuya kusema kintu kimoja. Ile tablo ya Papa nilifunga bongo, ya uongo."

Mama akaacha kuchambua.

"Sikuunga bafili, zile nyaya. Wakati haikutosha. Nilitia mbao, nilitia bamita, nyuma iko tupu. Ile taa ya kijani njo iko na fili, yeye moja tu, nilipitisha toka ku batterie. Ile ingine yote ni kufa. Mimi nilifunga tablo ya kufa, nikasimama pale, muntu ananishukuru." Akavua kofia. "Kila nikitaka kupita hapa, nashindwa."

Nilikuwa nafagia kando yao, nikasimama na ufagio mkononi. Hasira ya miaka miwili ilinitoka yote kwa mara moja, na mahali pake paliingia aibu.

Mama alifuta mikono kwenye liputa, kitenge alichojifunga.

"Fundi, Papa alijua."

"Hapana, mama."

"Alijua. Aliendesha ile gari miaka mingapi? Alibonyeza, mushale haikupanda, akajua. Tulipomurudisha ku kitanda alinivuta sikio karibu na kinywa. Alisema, 'Mule ndani haina kintu. Alifunga juu yangu, nifurahi. Musimuambie, atasikia haya sana.' Ile njo maneno ya mwisho Papa alinisemea."



"Na ile essence full?" Fundi aliuliza taratibu. "Na ile moto ya moteur? Alisoma yote sita, mama. Alisoma yote."

"Juu yako," Mama alisema.

Fundi alikaa chini pale pale kwenye udongo, akaweka kisanduku kando, akalia waziwazi, mzee mzima, na Mama hakumkataza wala hakumwambia pole. Aliendelea na mboga zake karibu naye. Alipomaliza kulia, Fundi alijipangusa uso kwa kofia yake nyeupe, akaangalia upande wa kibanda, gari jekundu lilipokuwa bado.

"Batterie iko wapi?"

Ilikuwa sebuleni, ndiyo iliyokuwa ikituwashia taa umeme unapokatika. Niliikimbilia.